Wachumash na Bahari Yao

Mtumbwi wa Wachumash, wenyeji wa asili wa pwani ya California, huitwa tomol, nao hushonwa. Mbao hutobolewa, zikafungwa kwa kamba za nyuzi za mimea, na nyufa kuzibwa kwa lami inayochuruzika yenyewe ufukweni California. Wazee wa Lamu wangeukumbuka mtepe, chombo chao kilichoshonwa vivyo hivyo.

Lami hiyo ni dalili ya mafuta, na mafuta ndiyo yaliyozua balaa la mwaka 1969, kisima kilipopasuka baharini karibu na Santa Barbara.

Mwaka 2015 Baraza la Wachumash wa Kaskazini, likiongozwa na Fred Collins, liliomba bahari yao ihifadhiwe. Collins alifariki mwaka 2021. Bintiye, Violet Sage Walker, akashika usukani. Novemba 2024 hifadhi ikaanza rasmi: zaidi ya kilomita za mraba 11,000, uchimbaji mpya wa mafuta marufuku.

Morro Bay, penye mwamba wanaoutukuza Wachumash, ilibaki nje ya hifadhi. Nyaya za umeme wa upepo wa baharini zilihitaji njia ya kufika nchi kavu.

Wachumash sasa wamo katika mashauriano ya uendeshaji. Rungu, hata hivyo, bado liko mikononi mwa serikali ya Marekani, na kushauriwa si kuamua.