Kucha za Jeli Nyumbani: Faida, Hasara na Tahadhari

Mazungumzo ya afya kwa akina mama na vijana wa Garsen



Zamani bibi harusi wa Garsen akitaka kupendeza alipakwa hina, basi. Hina ingalipo, lakini siku hizi kando yake kuna chupa ndogo za rangi ya jeli na taa ya kuikausha. Vifaa hivyo huagizwa kwa simu, vikaja na basi, na jioni msichana huwapaka dada zake sebuleni. Hilo si jambo la kulaumiwa. La muhimu ni mtu akijue anachokishika.

Jeli si sawa na rangi ya kucha ya kawaida. Rangi ya kawaida hukauka yenyewe kwa hewa. Jeli hubaki mbichi hadi imulikwe na taa ya miale ya urujuanimno, ndipo inapogeuka ngumu kama plastiki. Faida na hasara zake nyingi zinatoka hapo.

Faida zake

Faida ya kwanza ni kudumu. Jeli iliyopakwa vizuri hukaa wiki mbili au zaidi, hata kwa mama anayefua na kuosha vyombo kila siku. Ya pili ni gharama. Seti moja huhudumia dada, binti na jirani, na mkazi wa Idsowe au Tarasaa hana haja ya kulipa nauli kwenda saluni. Ya tatu ni nafasi na faragha: mama hupaka mtoto akilala, na anayejistiri hukaa ndani kwake. Ya nne ni usafi, maana vifaa ni vyake mwenyewe. Tena wapo wasichana wanaoanza na kucha za jamaa, kisha wakapata riziki wakati wa harusi na Idd.

Hasara zake

Hasara kubwa ni mzio. Jeli mbichi ina kemikali za jamii ya akrileti, na inayojulikana zaidi huitwa HEMA. Ikishakauka barabara haina shida kubwa. Shida ni pale jeli mbichi inapogusa ngozi. Nyumbani mkono wa kushoto ndio hupaka wa kulia, ukatetemeka, jeli ikamwagikia pembeni. Taa nayo ikiwa dhaifu, au stima ikipotea katikati ya kazi, juu hukauka na chini hubaki mbichi.

Dalili za mzio ni mwasho, wekundu, malengelenge madogo, ncha za vidole kupasuka na kucha kuachana na nyama. Wengine huvimba kope kwa sababu ya kujigusa macho. Wanaojua jinsi piko iliyochanganywa na rangi ya nywele inavyoweza kumtoa mtu malengelenge hawatashangaa. Tofauti ni kwamba mzio wa jeli unaweza kuja baada ya miezi mingi ya kupaka bila tatizo, na ukishaingia mwilini kwa kawaida hautoki tena.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kemikali za jamii hiyohiyo hutumiwa na daktari wa meno kuziba jino, na daktari wa mifupa katika saruji ya kushikilia kiungo bandia. Msichana anayechezea jeli leo akiwa na miaka 17 anaweza kutatiza tiba atakayoihitaji akiwa na miaka 50. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, tangu 2021, unataka jeli zenye HEMA ziandikwe kuwa ni za mafundi waliosomea kazi hiyo pekee. Kuanzia Septemba 1, 2025 umoja huo pia ulipiga marufuku TPO, kemikali ya kusaidia jeli kukauka, baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha madhara kwa uzazi.

Kuna pia suala la taa. Mnamo Januari 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza kuwa miale ya taa hizi iliharibu na kuua seli za binadamu zilizokuzwa maabara. Hilo halijathibitisha kwamba taa huleta saratani kwa wapakaji, lakini latosha kumfanya mtu akinge ngozi yake. Anayetumia dawa ya doksisaiklini aahirishe, kwa kuwa dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi kwa miale.

Kuondoa jeli nako kuna hatari. Anayeibandua kwa meno au kisu hung'oa na tabaka la kucha, na kucha ya mkono huhitaji takriban miezi sita kukua upya. Asetoni inayolainisha jeli hushika moto haraka. Isifunguliwe karibu na jiko la makaa, koroboi au sigara.

Kwa Muislamu, jeli huzuia maji ya udhu kufika kwenye kucha, wala haiondoki kwa dakika moja. Kwa hiyo wengi huchagua hina. Mama mjamzito anayekaribia kujifungua naye aiondoe mapema. Muuguzi huangalia rangi ya kucha, na kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni. Usiku wa uchungu, barabara ikiwa imejaa maji, si wakati wa kutafuta asetoni.

Tahadhari

Anayeamua kupaka nyumbani azingatie haya:

1. Anunue bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS na orodha ya viungo inayosomeka, na aepuke yenye HEMA au TPO.
2. Jeli na taa ziwe za aina zinazopatana, na muda ulioandikwa kwenye maelezo ufuatwe.
3. Aache nafasi ndogo kati ya jeli na ngozi. Ikimwagika aifute kabla ya kuwasha taa.
4. Avae glavu zilizokatwa ncha, au apake mafuta ya kukinga jua dakika 20 kabla.
5. Aondoe kwa pamba yenye asetoni iliyofungwa kwa foili, dakika 10 hadi 15, mlango ukiwa wazi.
6. Azipumzishe kucha, na watoto wasipakwe.

Mwasho ukianza, asibadilishe chupa na kuendelea. Aache kabisa, afike zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Ngao au Hola, akiwa na chupa aliyotumia. Baadaye, kila akienda kutibiwa meno, aseme kuwa ana mzio huo.

Urembo ni haki ya kila mtu, na kuokoa pesa ni busara. Lakini vidole hivyo ndivyo vinavyopanda mpunga, kukanda unga na kulea watoto. Vilindwe.