Kikao cha Litowa: Kiongozi wa Kazi na Kujitambua

Yamezuka mafundisho kwamba kiongozi hujitambua akijitenga peke yake: ajaze dodoso la haiba, aandike shajara, aisikilize nafsi. Semina za namna hiyo zinapendwa, na washiriki hurudi kazini na vyeti. Mhadhara huu unayapinga mafundisho hayo.

Kasoro yake ni kubwa: mtuhumiwa anafanywa shahidi na hakimu wa kesi yake. Bosi anayefoka hajioni anafoka. Hujiona msema kweli. Anayependelea ndugu hujiona mtu wa shukrani. Atajaza dodoso kwa moyo safi, na majibu yatakuwa yale yale anayojiambia kila siku. Hata Joseph Luft na Harrington Ingham, Wamarekani waliochora mwaka 1955 lile dirisha la sehemu nne linalotajwa sana kwenye semina, walitenga sehemu nzima kwa yale ambayo wengine wanayaona na mwenyewe hayaoni. Huko shajara haifiki.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kukaa katika kikao cha ofisi moja ambayo mkuu wake alikuwa ametoka semina. Mwishoni mkuu aliuliza, "Kuna mwenye neno?" huku akikusanya makaratasi yake. Kimya. Dereva alikuwa na neno, akalisema baadaye kwa mama ntilie: gari lilikuwa linatumwa vijijini bila tairi la akiba.

Hapo ndipo inapofaa kuurudia waraka wa Nyerere, Tujisahihishe, wa mwaka 1962. Aliuandika baada ya kuacha uwaziri mkuu Januari mwaka huo na kumwachia Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea. Ni waraka mfupi, wa Kiswahili chepesi, na mkali. Unaukemea ugonjwa wa kupima hoja kwa kumtazama msemaji: rafiki akisema ni sawa, adui akisema ni kosa. Kwa Nyerere ukweli haujali cheo. Vitabu vingi vya uongozi vinavyouzwa leo havijafika hapo.

Litowa, wilayani Songea, walijaribu kuliishi wazo hilo. Vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha ujamaa, na mwaka 1963 kijiji hicho na vingine vikaungana katika Ruvuma Development Association. Wanakijiji waliamua mambo yao mkutanoni, na viongozi waliwajibika kwao.

Wapinzani watauliza: mbona Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chini ya mwandishi yule yule wa Tujisahihishe, iliuvunja umoja huo? Swali ni zito, na linauma. Lakini linathibitisha hoja yenyewe. Kama nia njema na kalamu ya Nyerere hazikutosha kukifanya chama kisikilize vijiji vyake, dodoso litatosha vipi?

Baadaye chama hicho hicho, katika kifungu cha 15 cha Mwongozo wake wa 1971, kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani walikishika kifungu hicho wakawakabili mameneja wao, na migomo ikafuata. Mameneja wengi waliambiwa walivyo kwa mara ya kwanza.

Ofisi za Songea zisisubiri mgomo. Ajenda ya kwanza ya kila kikao iwe neno la mwenye cheo cha chini kabisa, mkuu asimkatize, na jibu la mkuu liandikwe kwenye muhtasari na kusomwa kikao kinachofuata.