Salum Abdallah na Jazi ya Morogoro



Leo tuzungumze juu ya mwanamuziki. Wapo wenzetu watakaouliza: muziki na kisomo wapi na wapi? Tusikilizane kwanza.

Sote tumezoea kuita "jazi" bendi yoyote yenye magitaa. Jina hilo ni la muziki uliozaliwa Marekani, mji wa New Orleans. Huko watu weusi, wajukuu wa watumwa, walipuliza tarumbeta na klarineti. Klarineti ni kama zumari, ila ina vitufe vingi. Mpulizaji wake mashuhuri, Sidney Bechet, alizaliwa mjini humo mwaka 1897.

Kwetu jina la jazi lilifika, lakini muziki uliotushika ulikuwa mwingine: rumba ya Cuba. Ilikuja kwa sahani za santuri kuanzia miaka ya 1930. Na midundo ya rumba hiyo ilipelekwa Cuba na watumwa kutoka Afrika! Basi ilikuwa inarudi nyumbani.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu. Kijana alizipenda mno sahani za Cuba. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani ili aende huko huko Cuba, akaishia Mombasa. Sisi tunasema heri alikwama. Mwaka 1948 alianzisha bendi pale Morogoro, ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba.

Mdundo aliuacha wa Cuba. Maneno akayatunga kwa Kiswahili: mapenzi, mambo ya nyumbani, hata siasa ya TANU wakati wa kudai Uhuru. Hapo ndipo kisomo kinapoingia. Wakati ule wengi wa wazee wetu hawakujua kusoma, na nyumbani walisema Kimakonde au Kimakua. Gazeti lisingewafaa kitu. Lakini wimbo wa Kiswahili mtu anausikia redioni, anaushika, anauimba shambani. Neno limeshaingia hilo, bila ubao wala chaki.

Salum alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, umri wake miaka 37. Bendi haikufa naye. Juma Kilaza aliishika. Pale pale mjini walikuwapo wapinzani wao, Morogoro Jazz, na kijana wao Mbaraka Mwinshehe. Bendi hizo mbili zilishindana kweli kweli, na Morogoro ukawa mji wa muziki. Mbaraka naye aliuawa na gari, mwaka 1979, huko Mombasa. Nyimbo zao ndizo hizo ambazo wazee, wakizisikia, huomba redio iongezwe sauti.