Kabla ya Rula: Kumfundisha Mtoto Mdogo Kulinganisha Urefu

Mwalimu anaweka mezani vijiti viwili vya ufagio wa chelewa, vimekatwa sawasawa, ncha zimelingana. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa kipi kirefu, hujibu kwamba vyote sawa. Kisha kimoja kinasogezwa mbele kidogo, huku mtoto anatazama, na swali linarudiwa. Sasa watoto wengi wa umri huo huonyesha kilichosogezwa. Hakuna kilichokatwa wala kuongezwa, lakini kwao kijiti kimerefuka.

Jaribio la namna hii limo katika kitabu cha jiometri ya watoto cha mwaka 1948, kilichoandikwa na mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi pamoja na Bärbel Inhelder na Alina Szeminska. Waliona kwamba mtoto huifuata ncha iliyotokeza, bila kujali pengo lililobaki nyuma. Ndiyo maana makala haya yanasisitiza kwamba somo la urefu likae sana kwenye mahali pa kuanzia, kabla ya rula na kabla ya sentimita.

Jambo lenyewe si geni kwa watoto. Wakishindana mbio, aliyeanzia mbele ya mstari hupigiwa kelele kwamba ameiba. Basi mwalimu achore mstari wa chaki sakafuni, na kila penseli, bua au ufito uanzie hapo. Baadaye aufute, aone nani atavipanga mwenyewe.

Picha za vitabuni zina kasoro moja kubwa: mara nyingi vitu huwa vimekwisha kupangwa upande wa kushoto. Mtoto hutazama kulia tu, akapata alama zote, na bado hajajifunza kulinganisha. Heri apewe vilivyopishana. Apewe pia kamba iliyopindapinda kando ya ufito ulionyooka, aseme anachodhani, kisha ainyooshe.

Je, mlango na dirisha, visivyoweza kuwekwa pamoja? Hapa panahitajika kitu cha tatu, kinacholinganishwa na kila kimoja, ili mtoto ajue kipi kirefu kati ya hivyo viwili. Piaget alidhani hoja ya aina hii ni nzito kwa wadogo, lakini mwaka 1971 watafiti Peter Bryant na Tom Trabasso walionyesha kwamba hata watoto wa miaka minne huimudu, mradi wakumbuke ulinganisho wa awali. Kwa darasa la kawaida hii ni habari njema. Kamba ikipigwa fundo penye kimo cha dirisha, fundo ndilo linalotunza kumbukumbu. Mtoto hubakiwa na kazi ya kufikiri.

Baada ya kamba zije shibiri na dhiraa, vipimo ambavyo mtoto anavyo mkononi mwake. Meza ileile itatoa shibiri chache kwa mwalimu na nyingi kwa mwanafunzi, na mabishano yatakayozuka yaachwe yaendelee, kwa kuwa ndiyo yanayowafanya waone haja ya kipimo kimoja cha wote.

Vifaa havihitaji gharama kubwa. Mwalimu Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alitumia fimbo kumi nyekundu za unene uleule, kuanzia sentimita 10 hadi mita moja. Seremala wa jirani anaweza kuzitoa kwenye mabaki ya mbao. Mianzi nayo inafaa.

Katika kutathmini, swali la “kipi kirefu?” lifuatwe daima na “umejuaje?” Mtoto anayezilinganisha kwanza ncha za mwanzo, ndipo akatazama zile za upande wa pili, yuko tayari kupewa rula.