Uongozi Usiosubiri Cheo

Msikilizaji, uongozi kazini hausubiri barua ya uteuzi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Kisha wanathibitisha jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali pa kupasua. Muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya bingwa huona wepesi kusema, "Daktari, subiri kidogo, fomu inasema goti la kushoto." Huo ndio uongozi hasa, na mkubwa anayeupokea bila kununa anastahili heshima. Kesho kikaoni, mwombe mwenye cheo cha chini aanze kuzungumza.