Tezi Dume na Haya ya Wazee wa Mwambao

Nimepewa wasaa wa kuzungumza juu ya tezi dume na maradhi yake ya kawaida, na madhali wengi wenu ni watu wa mwambao huu, kuanzia Bunju na Mapinga hata Kaole, Mlingotini na Saadani, sitakieleza kiungo hiki kama kinavyoelezwa katika vitabu vya tiba peke yake, bali nitasema pia namna maradhi yake yanavyofichika majumbani na misikitini mwetu, maana huko ndiko yanakoanza kuonekana, muda mrefu kabla mgonjwa hajafika mbele ya tabibu.

Tezi dume ni kiungo kidogo alichoumbiwa mwanamume peke yake, kilichokaa chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya utumbo wa haja kubwa, nacho katika siku za ujana huwa na uzito wa gramu 20 hivi, ukubwa wake kiasi cha kokwa ya kungu, na kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za uzazi yakawa manii. La kuangaliwa sana ni mahali pake: njia ya mkojo, itokapo kibofuni, hupita katikati ya tezi hiyo, na kwa sababu hiyo tezi ikivimba au ikikua, hata kama yenyewe haiumi wala haionekani kwa nje, mkojo ndio unaotoa habari.

Kuna uvimbe unaoletwa aghalabu na vijidudu, ambao huwapata hata vijana, ukaja na homa, maumivu ya kinena na kuungua wakati wa kukojoa. Huo hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, zitumiwazo kwa wiki kadhaa bila kukatizwa maumivu yatuliapo, nami sitakaa hapo.

Nataka nikae kwenye kukua kwa tezi kunakoletwa na umri, jambo ambalo si saratani wala haligeuki kuwa saratani, na ambalo karibu nusu ya wanaume wa miaka 50 hadi 60 wanalo, na waliopindukia 80 ni wachache sana wasiokuwa nalo, ijapokuwa si wote wanaotaabika kwalo. Mtazameni mzee wa miaka 65 aliyeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, kisha adhana ya alfajiri ikamkuta msikitini na kopo lake la maji: mkojo unachelewa kuanza, ukianza unatoka mwembamba, unakatika, unarudi, anastanji, anafunga msuli wake, na hajapiga hatua tatu anasikia tone limemdondokea pajani, anarudi, anastanji upya, anatawadha upya, na anapofika mlangoni imamu amekwisha kurukuu. Baada ya miezi michache mzee huyu anasali nyumbani, na jirani zake barazani wanasema mzee kachoka, ilhali hakuchoka, bali anaona haya, na haya hiyo hawezi kumwambia mwanawe seuze muuguzi wa kike aliye rika la mjukuu wake.

Hapa ninawaomba masheikh msaada ambao sisi wa hospitali hatuna. Hukumu ya mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika inajulikana katika fiqhi yetu, kwamba hujisitiri kwa kitambaa safi, hutawadha wakati wa sala ukiisha kuingia, kisha akasali pasipo kujali kinachomtoka bila hiari yake. Walakini wazee wengi hawajapata kuisikia ikielezwa kwa utulivu, na walioisikia hawakuambiwa pamoja nayo kwamba udhuru huo, mara nyingi, una dawa. Maneno haya mawili yakisemwa pamoja baada ya sala ya Ijumaa yatawafikisha hospitalini wagonjwa wengi zaidi kuliko bango lolote tutakalolibandika ukutani.

Dawa zenyewe ni za namna mbili, zile zinazolegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi, ambazo huanza kuleta nafuu kwa siku au wiki chache, na zile zinazoipunguza tezi taratibu, ambazo hutaka miezi kabla ya kuonyesha kazi. Zikishindwa, kuna upasuaji, ama kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo, ama kwa kufungua tumbo chini ya kitovu. Jambo la hatari ni mkojo kuziba kabisa, na mara nyingine chanzo chake ni kidogo sana, mathalani vidonge vya mafua vilivyonunuliwa duka la dawa, ambavyo baadhi yake huibana shingo ya kibofu ikashindwa kufunguka. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali saa ile ile, akawekewe mpira wa kutolea mkojo, na asiambiwe kunywa maji mengi ili mkojo usukumwe. Wako wanaouogopa mpira kwa kudhani ni mambo mapya yasiyoaminika, nao wajue kwamba Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, alikwisha kuandika namna ya kupitisha mrija wa fedha kibofuni miaka 1,000 iliyopita.

Ama magome ya miti, sitaki kuyadharau. Mti uitwao Prunus africana, umeao katika misitu ya milima kama Kilimanjaro, ulitengenezwa dawa ya maradhi haya Ufaransa tangu miaka ya 1960, na ukavunwa hata biashara yake ikatiwa chini ya mkataba wa kimataifa. Huenda ukampunguzia mtu taabu ya mkojo; lakini hautibu saratani, na mzee anayekunywa magome miaka miwili bila kupimwa amejipotezea miaka miwili.

Fauka ya hayo, mwambao wetu una maradhi mengine yanayoifunika tezi dume. Busha ni jingi huku, na mwenye busha kila linalomsumbua chini ya kitovu hulihesabu kuwa ni mshipa. Kichocho nacho huleta damu katika mkojo, na mtu aliyewahi kukiugua utotoni akiona damu uzeeni hudhani ni kile kile kimerudi. Tabibu asikubali dhana hizo bila kupima.

Saratani ya tezi dume ina hila yake: aghalabu huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na njia ya mkojo, na kwa hiyo yaweza kukua pasipo mkojo kubadilika hata kidogo, mpaka imefika mifupani na mgonjwa analalamikia mgongo. Sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko wengine, na zaidi tena aliye na baba au ndugu aliyeugua. Kwa hiyo ni vyema mwanamume azungumze na tabibu juu ya vipimo afikapo miaka 45, asingoje dalili. Kipimo cha damu kiitwacho PSA huweza kupanda hata kwa uvimbe wa kawaida, basi hakitoshi peke yake. Kupimwa kwa kidole huchukua muda usiotimia dakika moja, na sitara ya mtu huhifadhiwa. Na hukumu ya mwisho hutolewa na kinyama kidogo cha tezi kinachotazamwa kwa darubini. Nelson Mandela alipasuliwa tezi iliyokua mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, na mwaka 2001 akagundulika na saratani, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hata 2013. Mionzi hiyo iko katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka hapa Bagamoyo. Lakini wagonjwa wetu wengi hufika huko wakati maradhi yamekwisha kutambaa.

Ninapendekeza, basi, kwamba kila mwanamume aliyepita miaka 50 ajaye kupimwa shinikizo la damu katika zahanati za pwani hii aulizwe faraghani, na mhudumu wa kiume inapowezekana, mambo manne: huamka mara ngapi usiku, mkojo huchelewa kuanza, hukatika, na je, amepata kuona damu, na majibu yaandikwe katika daftari lake la matibabu, ili tabibu atakayempokea katika hospitali ya Bagamoyo au ya Muhimbili asianze upya.