Njia ya Kupita

Leo tutazungumza juu ya njia za mji.

Mwaka 1967 watu wa Dar es Salaam hawakutimia 300,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata 5,383,728. Wote wanataka mahali pa kujenga, na mji umefuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa mpaka mashambani.

Tazameni Kariakoo. Mitaa yake ilinyooshwa na wapimaji, nayo inakatana. Mtaa mmoja ukizibwa, unashika wa pili. Pembezoni mwa mji mara nyingi sivyo. Mwenye shamba huuza kipande kwa kipande, na kila mnunuzi husogeza ukuta kidogo. (Hata mimi nilisogeza hatua mbili; jirani akanyamaza.) Mwisho kijia kinakomea ukutani. Jirani unayemsikia akikohoa, humfikii mpaka uzunguke kwa barabara kuu. Je, nyumba ikishika moto, gari la zimamoto litapita wapi? Na mama mwenye uchungu usiku?

Sasa chora mtaa wako katika daftari. Tia alama kila mahali njia inapokufa. Kando yake andika: ni ukuta wa nani? Kama ni wako, andika vilevile.